Namna ya Kupunguza Mwendo wa Magari Mbele ya Shule: Mwongozo kwa Kamati za Shule za Nyanda za Juu Kusini

Ukisafiri kwa barabara kuu ya Tanzania–Zambia kutoka Ruaha Mbuyuni hadi Tunduma, utapita shule za msingi nyingi ambazo malango yake yanatazama lami moja kwa moja. Ziliwekwa hapo kwa sababu inayoeleweka. Barabara hiyo ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ikafuata Operesheni Vijiji, iliyowasogeza watu mahali ambapo huduma zingeweza kuwafikia, na kisha mpango wa elimu ya msingi kwa wote wa mwaka 1977. Shule ikajengwa palipokuwa na kijiji, na kijiji mara nyingi kilikuwa kando ya barabara. Magari ya wakati ule yalikuwa ya kuhesabika. Leo barabara hiyohiyo inabeba malori yanayokwenda Zambia na Kongo, mabasi ya mikoani, Fuso za mbao kutoka Mafinga na za viazi kutoka Njombe, pamoja na bodaboda na bajaji zisizo na idadi, na tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 watoto wanaoivuka kila asubuhi nao wameongezeka.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kamati ya shule, mwalimu mkuu, mwenyekiti wa mtaa au kijiji, na mzazi aliyechoka kusikia ahadi. Unajengwa juu ya hoja moja: dereva anayepita, ambaye hamjui mtoto yeyote wa hapo na hatarudi mpaka wiki ijayo, hupunguza mwendo pale barabara yenyewe inapomlazimisha, na barabara hubadilishwa haraka zaidi na mamlaka iliyoletewa vipimo kuliko na mamlaka iliyoletewa malalamiko.

Kwa nini mwendo, na si uzembe wa watoto

Kila ajali inapotokea, mazungumzo huanza na mtoto: alikimbia, hakutazama, alikuwa akicheza. Huenda ni kweli, lakini watoto wa miaka sita na saba watakimbia hata tukiwafundisha usiku na mchana, kwa kuwa katika umri huo bado hawawezi kukadiria vizuri kasi ya gari linalokuja na umbali lilipo. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, ajali za barabarani ndizo chanzo kikuu cha vifo vya watu wa umri kati ya miaka 5 na 29 duniani. Shirika hilo linapendekeza kikomo cha kilomita 30 kwa saa mahali ambapo watembea kwa miguu na magari hukutana kwa wingi, na mawaziri waliokutana Stockholm Februari 2020 waliafiki kiwango hichohicho. Sheria yetu inaweka kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, kwa hiyo 30 mbele ya shule inahitaji kibao chake na, zaidi ya kibao, kitu cha kukitia nguvu.

Tofauti kati ya tarakimu hizi ni kubwa kuliko inavyosikika. Dereva aliye macho huchukua kama sekunde moja kati ya kumwona mtoto na kukanyaga breki. Katika sekunde hiyo gari la kilomita 30 kwa saa limekwenda mita 8, la 50 limekwenda mita 14, na la 80 limekwenda mita 22, yote hayo kabla breki haijaanza kufanya kazi. Umbali wa kusimama baada ya breki nao hauongezeki kwa uwiano sawa: mwendo ukiwa mara mbili, umbali huo unakuwa mara nne. Ongeza lami iliyolowa mvua ya Rungwe au lori lenye shehena kwenye mteremko, na mahesabu yanazidi kuwa mabaya.

Anzeni kwa kutazama

Kabla ya kuandika barua yoyote, chagueni watu watatu au wanne, wakiwemo mwalimu mmoja na mzazi mmoja, wachore ramani ya barabara kwa mkono: lango, vichochoro, vituo vya daladala, kijiwe cha bodaboda, vibanda, mitaro, miti inayoziba macho, kona na miteremko. Kisha wasimame waangalie watoto wanavuka wapi, na kila anayevuka wamtie alama kwenye ramani mahali hasa alipovukia. Wafanye hivyo siku ya kawaida na siku ya gulio, kwa sababu siku ya gulio barabara huwa nyingine kabisa.

Saa za kutazama zina umuhimu wake. Wengi huenda saa moja na nusu asubuhi, wakati ambapo watoto wengi wameshafika na wanafagia. Mbeya iko magharibi ya mbali ikilinganishwa na Dar es Salaam, ilhali saa zetu ni zilezile, kwa hiyo mwezi wa Juni na Julai jua huku hutoka karibu saa moja kamili. Maana yake ni kwamba mtoto anayetakiwa kuwa shuleni saa moja amevuka barabara gizani, akiwa amevaa sweta la rangi ya bluu iliyokolea au kijani, pengine ndani ya ukungu, na dereva wa lori hana cha kuona. Waangalizi wenu wawepo kuanzia saa kumi na mbili na robo.

Saa nyingine inayosahaulika ni ile ambayo darasa la awali, la kwanza na la pili wanaruhusiwa kurudi nyumbani mapema. Kaka na dada zao bado wako darasani, mwalimu wa zamu yuko kazini, na hakuna mtu mzima barabarani. Watoto wadogo kuliko wote wanavuka peke yao katika saa ambayo hakuna aliyepangiwa kuwavusha. Kama mna nguvu ya kulinda kipindi kimoja tu kwa siku, nashauri kiwe hiki.

Mtakachokigundua kwenye ramani mara nyingi kitawashangaza. Watoto wengi hawavuki penye alama za pundamilia, na wana sababu zao. Anayeuza barafu, ubuyu na mihogo amekaa upande wa pili. Uwanja wa mpira uko ng'ambo. Bomba la shule limekauka, kwa hiyo wanafunzi wanatumwa na vidumu kuchota maji kwenye kisima kilicho ng'ambo ya lami, na safari hizo za maji zinaweza kuwa nyingi kuliko za kwenda na kurudi nyumbani. Kituo cha daladala kimewekwa kabla ya kivuko, kwa hiyo mtoto anayeshuka anapita mbele ya Hiace iliyosimama na kuibuka ghafla mbele ya gari linaloipita. Kila moja ya sababu hizi ina dawa yake, na nyingine hazihitaji fedha ya serikali hata kidogo.

Kupima mwendo bila tochi

Askari wa usalama barabarani wana tochi, yaani kifaa cha kupimia mwendo wa magari. Ninyi mna simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, nayo inatosha. Pimeni kwa futi kamba mita 100 kando ya barabara, katikati yake pakiwa mahali watoto wanapovuka zaidi, na mweke alama ndogo mwanzo na mwisho, kwa mfano jiwe lililopakwa chokaa. Mtu mmoja asimame kwenye alama ya kwanza na kushusha mkono gari linapoipita. Wa pili, kwenye alama ya mwisho, aanze kuhesabu mkono unaposhuka na asimamishe gari linapomfikia. Kisha gawanyeni 360 kwa idadi ya sekunde, na jibu ni kilomita kwa saa. Sekunde 12 ni mwendo wa 30, sekunde 7.2 ni 50; sekunde 6 ni 60; sekunde 4.5 ni 80.

Kosa la nusu sekunde kwa gari linalokwenda kasi hubadilisha jibu kwa kilomita 8 au zaidi, kwa hiyo msifupishe ule umbali wa mita 100 na msitegemee gari moja. Pimeni magari 50 yanayokwenda kwa uhuru, yaani yasiyofuatana kwenye foleni wala yanayosimama kituoni, na mwandike aina ya kila gari: lori, basi, daladala, gari dogo, bodaboda. Yapangeni kuanzia la polepole hadi la kasi, kisha mtazame la 43. Mwendo wa gari hilo ndio ambao asilimia 85 ya madereva hawauzidi, na wahandisi wa barabara wanakitumia kipimo hicho katika kazi zao. Mkiuandika kwenye barua, mhandisi atakayeisoma atajua kwamba anaongea na watu waliofanya kazi.

Tahadhari moja. Msivae vizibao vya kung'aa wala kukusanyika kundi zima pembeni, kwa sababu madereva watadhani ni askari, wataonyana kwa taa, na mtapima adabu ya dakika kumi badala ya mwendo wa kila siku. Kaeni mbali na lami, nyuma ya mtaro ikiwezekana, na mtoto asihusishwe katika zoezi hili.

Yaliyo ndani ya uwezo wa shule

Hatua ya bei nafuu kuliko zote, na ambayo kamati nyingi huikataa kwa sababu ya fahari, ni kuhamisha lango. Shule hupenda lango lake kubwa litazame barabara kuu, lenye jina lililopakwa rangi na kaulimbiu. Lakini kama uzio una upande unaopakana na njia ya mtaa, fungueni lango la wanafunzi huko na mlifunge la mbele wakati wa kuingia na kutoka, litumike kwa magari na wageni tu. Mtoto anayetoka kwenye lango la ubavuni anafika barabarani akiwa anatembea, pamoja na wenzake, mahali mlipopachagua ninyi. Anayetoka kwenye lango la mbele anafika akiwa bado anakimbia.

Pale ambapo lango haliwezi kuhama, wekeni kizuizi kati ya lango na lami, hatua chache kutoka mlangoni, kiwe cha nguzo na mabomba au hata mbao, ili anayetoka mbio alazimike kugeuka kabla ya kufika barabarani. Ulizeni kwanza mpaka wa hifadhi ya barabara uko wapi. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu hadi mita 30 kila upande kutoka katikati, na shule za zamani nyingi zina uzio, miti au hata darasa ndani ya eneo hilo. Kujenga humo bila ruhusa kunaweza kuwaletea alama ya X ya kubomolewa badala ya msaada.

Wauzaji wa barafu na mihogo wasifukuzwe. Waitwe kikaoni na kupewa nafasi upande wa shule, ndani ya uzio ikibidi, kwa sharti la usafi. Nimeona mara nyingi kina mama wakifukuzwa na mgambo Jumatatu, Jumatano wamerudi, kwa kuwa wateja wao wako palepale. Wakihamishiwa upande wa pili kwa heshima, wateja wanawafuata na barabara inabaki bila sababu ya kuvukwa. Kuhusu maji, kamati iweke tenki la kuvunia maji ya mvua au ibadilishe saa ya kuchota na kumpeleka mtu mzima. Kwa mvua tunazopata huku kuanzia Novemba hadi Aprili, paa la madarasa mawili linajaza tenki upesi.

Chama cha bodaboda na wenzao wa bajaji nao waitwe. Hawa ndio madereva mnaowajua kwa majina, na wengi wana watoto katika shule hiyohiyo. Waombwe mambo mawili mahususi: kijiwe kisogezwe mbali na mahali pa kuvukia ili pikipiki zilizoegeshwa zisimfiche mtoto, na mshikaki wa watoto watatu au wanne juu ya pikipiki moja ukomeshwe. Hilo la pili lina wahusika wawili, na mzazi anayelipa nauli ya mmoja kwa watoto watatu ndiye wa kwanza kuambiwa.

Barua iende kwa nani

Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania. Barabara za wilaya, za mijini na vijijini ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, iliyoanzishwa mwaka 2017. Barua iliyopelekwa kwa asiyehusika inaweza kulala mezani mwaka mzima. Barabara ya Uyole kwenda Tukuyu na Kasumulu, kwa mfano, ni ya TANROADS, lakini ile inayochepuka kwenda kijijini huenda ni ya TARURA, na shule iliyo kwenye njia panda inahitaji kuandikia ofisi zote mbili.

Utaratibu unaofanya kazi ni huu. Jambo lianze kwenye kikao cha kamati ya shule na muhtasari uandikwe na kusainiwa. Lipelekwe kwenye mkutano wa serikali ya kijiji au mtaa, kisha diwani na afisa mtendaji walifikishe kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Barua yenyewe iende kwa Meneja wa TANROADS wa Mkoa au Meneja wa TARURA wa Wilaya, nakala kwa Mkuu wa Wilaya, Mkurugenzi wa Halmashauri, na Mkuu wa Kikosi cha Usalama Barabarani wa Mkoa. Isizidi kurasa mbili, ikiambatana na ramani na jedwali la vipimo. Mwili wake unaweza kusomeka hivi:

“YAH: OMBI LA KUPUNGUZA MWENDO WA MAGARI MBELE YA SHULE YA MSINGI (jina). Shule yetu ina wanafunzi (idadi), ambao kati yao (idadi) huvuka barabara kuu kila siku ya masomo. Tarehe (tarehe) kamati ilipima mwendo wa magari 50 kati ya saa (saa) na saa (saa), na kukuta kwamba asilimia 85 ya magari yanakwenda kwa mwendo usiozidi kilomita (idadi) kwa saa, na yaliyobaki yanazidi hapo. Mahali ambapo watoto wengi huvuka pameonyeshwa kwa herufi A kwenye ramani. Tunaomba mhandisi wako atembelee eneo hilo pamoja nasi, kati ya saa 12:30 na saa 1:15 asubuhi, kabla ya tarehe (tarehe).”

Ombi la kutembelewa asubuhi lina uzito kuliko linavyoonekana. Mhandisi anayefika saa nne anakuta barabara tupu na watoto madarasani. Tena, mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na mipango yake huandaliwa miezi mingi kabla. Barua iliyofika Oktoba ina nafasi ya kuingia kwenye bajeti, ya Mei itasubiri. Vitu vidogo kama rangi na vibao huweza kutoka kwenye matengenezo ya kawaida, kwa hiyo viombwe kando, katika aya yake.

Mwombe nini

Kamati nyingi huomba “matuta” na kuishia hapo. Tuta ni zuri, lakini tuta baya linaua, na lililo zuri mahali pamoja ni hatari mahali pengine.

Kwenye sehemu tambarare, kitu bora kuliko vyote ni kivuko kilichoinuliwa: tuta pana lenye mgongo bapa, ambalo juu yake ndipo pundamilia zimechorwa. Gari linalazimika kupungua palepale mtoto anapovuka, na mtoto naye anasimama juu kidogo na kuonekana. Tuta la kawaida la mviringo, la kimo cha sentimita 10 hivi na upana wa karibu mita 4, linafaa pia. La kukataa ni lile jembamba na refu kwenda juu, linalovunja springi na kumwangusha mwendesha pikipiki usiku. Tuta moja halitoshi: dereva huruka tuta kisha hukanyaga mafuta kufidia muda, na mita mia mbele tayari amerudi kwenye mwendo wake. Ombeni angalau mawili, moja kila upande wa kivuko, pamoja na vibao vya tahadhari mapema na rasta, yaani mistari iliyoinuka kidogo inayotikisa gari, kabla ya tuta la kwanza ili anayelala ashtuke. Rasta peke yake hazipunguzi mwendo sana. Kazi yake ni kuamsha, na zikiwekwa karibu na darasa kelele zake zitawasumbua walimu mwaka mzima.

Ombeni pia nguzo fupi pembeni mwa kila tuta. Bila nguzo, bodaboda, na hata daladala yenye haraka, itashuka pembeni na kulikwepa tuta kwa kupita kwenye njia ya miguu, ambako ndiko watoto waliko. Hapo tuta litakuwa limehamisha hatari kutoka kwenye lami na kuileta miguuni mwao.

Kwenye mteremko mkali mambo hubadilika. Mahali kama Kitonga, Mlima Nyoka au Iwambi, lori lenye shehena linategemea gia ndogo na breki ambazo huenda zimeshapata moto, na wapo wanaoteremka kwa gia huru ili kuokoa mafuta, tabia ambayo kila askari wa barabara hii anaijua. Tuta katikati ya mteremko wa namna hiyo linaweza kusababisha ajali kubwa kuliko ile mnayoizuia. Hapo ombeni vibao na rasta juu kabisa, kabla mteremko haujaanza, uzio mrefu wa kuwazuia watoto kuvuka mteremkoni, na kivuko kihamishiwe mahali pa tambarare hata kama njia inarefuka. Watoto watalalamika kuhusu urefu wa njia. Uzio uwe imara.

Kwenye barabara ya njia nne tatizo ni jingine. Sehemu ya Nsalaga hadi Ifisi, inayokatiza Jiji la Mbeya kwa kilomita 29, imo katika upanuzi wa kuwa na njia nne, na shule zilizo kando yake zisisubiri. Katika njia nne gari la kwanza linasimama kwa adabu kumpisha mtoto, na la pili, lililo upande wake, linalipita bila kumwona aliyefichwa na la kwanza. Dawa ni kisiwa cha katikati chenye nafasi ya kundi la watoto kusimama, mstari wa kusimamia magari uliowekwa mbali kidogo na kivuko, na penye watoto wengi, taa. Daraja la juu husifiwa sana, ila mtoto mwenye njaa hapandi ngazi ikiwa njia ya chini ni fupi na haina uzio. Mkandarasi akiwa bado yuko kazini, kuongeza kivuko ni rahisi. Akishaondoka ni mradi mpya. Mwandikieni mhandisi mshauri wa mradi kupitia TANROADS, na diwani awe nanyi.

Kwenye maeneo ya ukungu, kama Isyonje na Ntokela kwenye barabara ya Tukuyu, kibao cha kawaida hakina maana asubuhi. Sisitizeni vibao na nguzo zenye kung'aa vinapopigwa na taa.

Jambo moja lisifanyike kamwe, ingawa naelewa uchungu unaolisababisha: wananchi kujichimbia tuta lao la udongo, au kupanga mawe na magogo barabarani siku mtoto anapogongwa. Ni kosa kisheria, na anayekufa kwa gogo usiku mara nyingi ni kijana wa bodaboda wa kijiji hichohicho.

Hatua hizi zina ushahidi hapa nchini. Shirika la Amend limefanya kazi ya aina hii kwenye shule za Dar es Salaam na miji mingine ya Afrika, kwa matuta, njia za miguu, nguzo, malango mapya na mafunzo kwa watoto, kazi iliyotunukiwa mwaka 2019 tuzo ya miji ya WRI Ross, kituo cha kimataifa cha miji endelevu. Tathmini iliyolinganisha maeneo ya shule zilizorekebishwa na yale ambayo hayakuwa yameguswa ilikuta majeraha ya watoto yamepungua kwa takriban robo.

Kuvusha watoto

Mpaka marekebisho yafanyike, na hata baadaye, watoto wavushwe na mtu mzima. Askari wa usalama barabarani wa wilaya hutoa mafunzo kwa wavushaji wakiombwa kwa barua. Ombeni pia wapite na tochi wiki ya kwanza ya muhula. Wanafunzi wa darasa la sita na la saba wanaweza kusaidia kupanga mistari na kuwatuliza wadogo, lakini sikubaliani na desturi ya kumpa mtoto kibao cha “SIMAMA” aingie nacho katikati ya barabara kuu. Kwenye njia ya mtaa, magari yakiwa ya polepole na mwalimu akiwa karibu, sawa. Mbele ya lori linaloteremka, hapana.

Mafunzo yafanyike barabarani penyewe, darasa moja baada ya jingine, kwa vitendo: kusimama kando, kutazama kulia kwanza kwa kuwa magari yetu hutokea huko, kisha kushoto, kisha kulia tena, kusikiliza, halafu kuvuka kwa kutembea. Pasipo na njia ya miguu watoto watembee upande wa kulia, wakiyakabili magari yanayokuja. Siku ya mvua wafundishwe kushusha kofia ya koti na kuinua mwamvuli kabla ya kuvuka. Wazazi washone vipande vya kitambaa kinachong'aa kwenye mikoba na migongo ya masweta. Fundi wa mtaani anaifanya kazi hiyo kwa bei ndogo.

Baada ya matuta kuwekwa

Rudini na futi kamba yenu mwezi mmoja baadaye, kwenye alama zilezile, saa zilezile, mpime magari mengine 50. Kama gari la 43 bado linazidi kilomita 40 kwa saa, matuta yako mbali mno au ni mafupi mno, na sasa mna namba za kumrudia meneja. Pimeni tena baada ya mvua za masika, kwa sababu udongo mwekundu unaosombwa kutoka kwenye mitaro hufunika rangi, na malori husawazisha tuta la lami laini kidogo kidogo bila mtu kugundua. Rangi ya pundamilia iombwe upya kila Desemba, kabla ya shule kufunguliwa Januari, wakati watoto wapya wa darasa la awali wanapoiona barabara hiyo kwa mara ya kwanza. Vipimo vyote viandikwe kwenye daftari moja linalokaa ofisini kwa mwalimu mkuu na kukabidhiwa kwa maandishi anapohamishwa, maana walimu wakuu na mameneja huhamishwa, na kamati inayofuata isilazimike kuanza upya.